Kiti Kisichopimwa

Jumanne ile viti vya magurudumu vilipoletwa kijijini Vunitavola, Vilimaina alikuwa na karatasi ya shukrani mapajani, imeandikwa na baba yake mkubwa kwa mwandiko wa kulala. Apisai, huyo baba mkubwa, ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Alimchagua Vilimaina kuwasemea wenzake watakaopokea viti kwa sababu sauti yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Ni sauti iliyoongoza kwaya miaka mingi na haikuwahi kutetemeka mbele za watu.

"Soma kama ilivyo," alimwambia asubuhi. "Usiongeze chumvi."

"Na nikipunguza?"

"Vili, leo si siku ya mizaha. Watu wametoka Brisbane."

Vilimaina alikuwa na miaka thelathini na sita na kazi yake ilikuwa kushona. Miaka minane nyuma kimbunga kiliangusha boriti ya paa mgongoni mwake, na tangu siku hiyo hakuwa na hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Cherehani yake aliibadilisha iendeshwe kwa mkono, akaendelea kushona magauni ya kanisani na sare za shule kana kwamba kimbunga kilimchelewesha wiki mbili tu. Kushona hakukumshinda. Kilichomshinda ni kutoka nje ya nyumba.

Kiti alichopewa katika shehena ya kwanza, ya miaka saba iliyopita, kilikuwa kile cha hospitalini, cha kusukumwa juu ya sakafu ya vigae. Vigurudumu vyake vya mbele vilikuwa vidogo kama kisosi cha kikombe, na vigumu. Kila vilipogusa changarawe vilichimba na kukwama, naye akabaki ananing'inia mbele kama mtu anayetaka kusujudu. Akitaka kwenda popote, ilibidi dada yake Ateca akigeuze kiti na kumkokota kinyumenyume. "Kijiji hiki nakijua kwa kisogo," Vilimaina alizoea kusema, na watu walicheka.

Hawakucheka mwaka wa pili. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimebonyea katikati, na mfupa wa nyonga ukawa unaigandamiza nyama mahali pale pale kutwa nzima. Damu haikupita, nyama ikaoza, na yeye hakusikia maumivu kwa kuwa hakuwa na cha kusikilizia. Ateca ndiye aliyeona shuka imelowa. Vilimaina alilala hospitalini kifudifudi miezi minne. Huko muuguzi alimfundisha mambo mawili: kila nusu saa ajiinue kwa mikono ili damu ipite, na asikalie tena kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa kufuata mwili wake. Kiti kingine hakuwa nacho, ikabidi akikalie kile kile kwa safari za lazima tu.

Rafiki yake Emosi hakupata wa kumfundisha. Emosi alianguka kutoka juu ya tela la miwa, akavunjika mgongo, akapewa kiti cha aina ile ile siku ile ile aliyopewa Vilimaina. Kila Jumapili alikaa ndani yake wima, na shati jeupe, kwa sababu wageni waliopita kanisani walipenda kumpiga picha. Kidonda kilipomtoka alinyamaza. Kulalamikia zawadi lilikuwa jambo la aibu, na Emosi alilelewa vizuri. Kufikia Machi ya mwaka huu wa viti vipya kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Mei wakamzika.

Sasa shehena ya pili ilikuwa imefika. Ndani ya jumba la kijiji viti ishirini vilipangwa juu ya mikeka, bado vimevikwa nailoni. Kiongozi wa wageni aliitwa Desmond, mtu mrefu aliyeungua jua puani, na shati la maua ambalo mikunjo yake ya dukani ilikuwa haijatoka. Alipopewa kava, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akapiga makofi mahali panapotakiwa. Kila mtu alimpenda. Hata Vilimaina alimpenda, na jambo hilo lilimsumbua baadaye kuliko mengine yote.

Walianza kuita majina. Mtu akiitwa, alikalishwa kwenye kiti, akawekewa karatasi ya kutia sahihi, akapigwa picha. Karatasi ilisema kwamba aliyetajwa hapo juu amepokea kiti kinachomfaa.

Wa kwanza alikuwa mzee Semi, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari na aliyekonda kama ufagio. Walipomkalisha alizama, mabega yakawa sawa na mikono ya kiti. Wa pili alikuwa Kelera, muuza mihogo, mwanamke mpana mwenye miguu iliyopooza tangu utotoni. Vijana wawili walimbonyeza mpaka akaingia, na vyuma vya pembeni vikamng'ata mapaja. Akatabasamu, wakampiga picha, wakambonyeza tena ili atoke.

Vilimaina alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni, kama siku zote. Wenzake walimzoea nayo kama watu wanavyomzoea mwingine na miwani. Aliivua, akajisogeza hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akapima upana wa pale pa kukalia. Kisha akapima kilichofuata. Alipofika cha nne, Apisai alikohoa kwa nguvu.

"Bwana Desmond," Vilimaina alisema, "samahani. Viti hivi vina saizi ngapi?"

"Moja," Desmond alijibu kwa furaha. "Ya wastani. Inawafaa watu wengi."

"Watu wengi wa wapi?"

Desmond alitabasamu, akamtazama Apisai kama anayeomba msaada.

"Mimi ni fundi cherehani," Vilimaina akaendelea. "Sijamshonea mtu hata foronya bila kupima. Mzee Semi hapa nyonga zake ni inchi kumi na mbili. Kelera ni ishirini na moja..."

"Vili, usinitangaze," Kelera akasema, na jumba zima likacheka.

"Ishirini na moja. Na kiti chenu ni kumi na nane. Kwa hiyo mmoja atatapatapa humo ndani na mwingine ataminywa. Na hivi vigurudumu vya mbele ni vile vile vya zamani. Mmeiona barabara yetu?"

"Tumeiona," Desmond alikiri. "Lakini dada, kiti si bora kuliko kukosa kiti?"

Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. Jina la Vilimaina liliitwa, kiti namba kumi na moja kikasukumwa mbele yake, na msichana wa kupiga picha akapiga goti. Kalamu ikawekwa mkononi mwake. Aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, neno kwa neno, kisha akairudisha kalamu.

"Sitii sahihi," alisema. "Hapa pameandikwa kiti kinanifaa. Hakinifai."

"Vilimaina," Apisai akasema kwa sauti ya chini, "soma karatasi niliyokupa."

"Naisoma, baba mkubwa." Hakuifungua. "Bwana Desmond, tunashukuru kwa safari mliyosafiri na jasho mlilotoa. Shukrani hiyo ni ya kweli. Kiti sikitaki. Cha kwanza kilinilaza kifudifudi miezi minne. Emosi, mtoto wa Laisani, kilimuua."

Mkono wa Desmond ulibaki hewani na bakuli la kava. Vilimaina alijisikia mwepesi na mwenye nguvu, kama mtu aliyetua gunia. Kisha akaona mwanamke akinyanyuka nyuma kabisa karibu na mlango. Alikuwa Laisani mwenyewe, mama yake Emosi, ambaye Vilimaina hakujua kwamba yumo humo. Laisani alijifunga sulu yake, ile shuka ya kiunoni, vizuri, akatoka bila kugeuka.

*

Kwa wiki tatu Apisai hakumsemesha. Walipopishana alitazama paa za nyumba kama anayekagua mabati. Kijijini maneno hayakukauka. Wengine walisema Vilimaina amelewa sifa. Wengine walisema maneno yake ni ya kweli ila mahali pa kuyasema hapakuwa pale. Kiti namba kumi na moja wageni walikirudisha kwenye lori, na viti kumi na tisa vikabaki.

"Hongera," Ateca alisema akimkokota kinyumenyume kwenda kanisani, jasho likimtiririka. "Umekataa kiti kipya, tumebaki na hiki mkweche. Sasa mgongo wangu nao uvunjike, tuwe wawili."

"Nipeleke kwa Lochan."

"Leo Jumapili."

"Kesho, basi."

Lochan alikuwa na karakana ya kuchomelea kando ya reli ya miwa, upande wa barabara ya mji wa Ba. Babu yake aliletwa kutoka India kukata miwa, na mjukuu alikuwa akiunda matela ya kuibeba. Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka achokozwe, na shabiki wa timu ya mpira ya Ba kwa kiwango cha kutokula chakula ikifungwa. Vilimaina alimkuta amevaa miwani ya kuchomelea kichwani, anakula chapati na achari ya embe.

"Nimesikia umewafukuza Waaustralia," Lochan alisema.

"Sikuwafukuza. Walikuwa na ndege. Kaka Lochan, tela lako linabeba tani ngapi?"

"Nne. Tano kama dereva amelewa."

"Na kwenye tope halizami?"

Lochan aliacha kutafuna. "Tela langu lizame?"

"Basi mimi nina kilo sitini na tatu. Niundie kitu kisichozama."

Alimtandikia mezani karatasi ya kukatia mitindo ya nguo, ile anayochorea magauni. Juu yake alikuwa amechora kiti. Hakuwa amekibuni kutoka hewani. Muuguzi alimwonyesha picha za viti vya namna hiyo kule hospitalini, naye alizikariri kama mtu anavyokariri mshono wa gauni la mwenzake. Nyuma magurudumu mawili ya baiskeli, ili tairi likipasuka lipatikane duka lolote mjini. Mbele gurudumu moja tu, pana, la mpira wa upepo, lililowekwa mbali kabisa na miguu ili kiti kisichimbe wala kisipinduke kifudifudi. Pembeni hakukuwa na vyuma vya juu, ili aweze kujivuta kitandani mwenyewe. Kila mstari ulikuwa na kipimo chake.

Lochan aliitazama muda mrefu. "Hii ni kazi ya wiki moja," alisema.

Ikawa ya wiki sita. Lochan alikata mabomba, akachomelea, akakata tena. Vilimaina alikuja karibu kila siku, Ateca akimfikisha na kumwacha. Mto wa kukalia alijitengenezea mwenyewe kwa sifongo ngumu ya godoro, tabaka juu ya tabaka, akachonga kwa kisu mashimo mawili mahali mifupa inapokaa, akauvika turubai. Alikaa juu yake saa moja, akamwita Ateca pembeni amkague ngozi kama ina wekundu. Uliporudi wekundu alichonga tena. Alirudia hivyo mara tisa. Ateca alisema hajawahi kuyatazama makalio ya mtu kiasi hicho na hategemei kufanya hivyo tena.

Siku ya kujaribu kiti kwa mara ya kwanza, Vilimaina alikisukuma kupanda tuta dogo la reli. Alipofika katikati, gurudumu la mbele liliinuka polepole, mbingu ikaja usoni, na akajikuta amelala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Lochan alikuja mbio, mikono kichwani.

"Nimekuua?"

"Bado," Vilimaina alisema kutoka chini. "Sogeza ekseli nyuma."

"Niliiweka mbele ili kiwe chepesi kugeuka."

"Chepesi mno. Kimenigeuza mimi."

Lochan aliketi kwenye reli, na kwa mara ya kwanza tangu Vilimaina amjue, akacheka mpaka akafuta macho. Aliisogeza ekseli inchi mbili na nusu. Siku ya tatu ya majaribio Vilimaina alipanda tuta, akavuka reli, akashuka upande wa pili kwenye njia ya matela, yenye mawe, matope na maganda ya miwa. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya kila kitu kama ulimi unavyopita juu ya meno. Aliendelea. Alipogeuka kuitazama karakana, Lochan alikuwa mdogo kama kidole. Miaka minane ilikuwa imepita bila yeye kuwa mahali peke yake. Alikisimamisha kiti pale katikati ya miwa iliyomzidi kimo, akahema, akajiinua kwa mikono ili damu ipite, akakaa tena. Hakumwita mtu.

*

Safari yake ya kwanza kwa kiti hicho ilikuwa kwenda kwa Laisani. Alikuwa ameiahirisha kwa kisingizio cha kukosa usafiri, na sasa kisingizio kilikwisha.

Laisani alikuwa barazani akisuka mkeka. Alimwona akija tangu mbali, akaendelea kusuka mpaka magurudumu yaliposimama mbele ya kizingiti.

"Karibu," alisema bila kuinua macho.

"Asante, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa baba yako mkubwa huendi, unakuja kwangu?"

"Kwa baba mkubwa nitakwenda akiniita. Kwako nilikosa zaidi. Nilichukua jina la Emosi nikalitumia bila kukuomba. Kifo chake ni chako kukisema, si changu."

Laisani aliusukuma mkeka pembeni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na mikono hiyo sasa haikujua pa kukaa.

"Unajua nilitoka kwa nini siku ile?" aliuliza. "Wanadhani nilikasirika. Vili, mimi ndiye niliyekuwa namwambia, kaa wima, wageni wanakutazama. Alinong'ona, mama, nataka kulala. Nikamwambia avumilie, misa inakwisha. Kila Jumapili nilimwambia avumilie. Wewe ukasema pale mbele za watu kwamba kiti kilimuua. Nikawaza, kama ni kiti, basi si mimi peke yangu. Na sikutaka watu waone jinsi nilivyopumua."

Vilimaina alikisogeza kiti hadi kwenye kizingiti. Alinyoosha mkono, na Laisani akaushika, wakakaa hivyo mpaka kuku wakaingia ndani na kutoka.

Kisha Laisani alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anakiburuta kiti cha Emosi. Kilikuwa na kutu kwenye maungio, na kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati kwa umbo la mtu.

"Kichukue," alisema. "Yule Mhindi wako akikate. Chochote kinachofaa humo kiingie kwenye kiti cha mwingine. Sitaki kukiona kizima."

"Nitakuja na Ateca akibebe."

"Kichukue leo."

Basi Vilimaina akakifunga nyuma ya kiti chake kwa kipande cha kitambaa, akakikokota. Njia ya kurudi ilipita mbele ya jumba la kijiji, na siku hiyo wazee walikuwa wamekaa barazani wakinywa kava. Walimwona akija peke yake, mikono yake ikifanya kazi, na nyuma yake kiti kitupu cha marehemu kikiruka juu ya mawe na kulia kwa kutu. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, penye migomba. Alipita katikati ya uwanja.

"Habari za mchana, baba mkubwa," alisema alipowafikia. "Habari zenu, wazee."

Waliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Apisai alikitazama kiti cha nyuma, kisha cha mbele, kisha akatazama mabati ya paa. Jioni ile alimtuma mtu kumwambia kwamba Ijumaa aje na kava, aombe radhi mbele ya wazee kama desturi inavyotaka.

*

Ijumaa Vilimaina alikuja na mjomba wake Mitieli, kaka wa mama yake, aliyebeba mzizi wa kava wa kupeleka. Jumba la kijiji lilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Vijana wanne walishuka kumbeba.

"Niacheni," Vilimaina alisema.

"Tukubebe, dada. Ni ngazi tatu tu."

"Nimekuja kwa magurudumu yangu. Kama nyumba haina njia ya magurudumu, nitaombea radhi hapa hapa."

Mitieli alikuna shingo. "Mpwa wangu, tumekuja kuzima moto au kuuchochea?"

"Kuuzima, mjomba. Lakini sitaingia kuomba msamaha nikiwa mgongoni mwa mtu kama gunia la magimbi. Niliyekosa nina miaka thelathini na sita."

Ujumbe ukaingia ndani. Kukawa na kunong'ona, kisha sauti ya mikeka ikikunjwa. Wazee wakatoka mmoja mmoja, wakashuka ngazi, wakatandika mikeka upya juu ya majani. Apisai alikuwa wa mwisho na uso wake ulikuwa umefungwa. Kabla hawajaanza, Laisani alitokea na mkeka wake mwenyewe, akautandika kando ya kiti cha Vilimaina, akaketi. Hakuna aliyemwalika, wala hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Mitieli alisema maneno ya desturi, akiinamisha kichwa, akauweka mzizi mbele. Apisai aliunyooshea mkono, akaugusa, naye akasema maneno ya kupokea. Hapo ndipo mambo huisha na bakuli la kava huanza kuzunguka. Lakini Vilimaina alisema, "Naomba niongeze neno langu."

"Mjomba wako amekwisha kusema," Apisai akajibu.

"Amesema vizuri. Na mimi niseme la kwangu. Baba mkubwa, nilikuaibisha mbele ya wageni. Ningekuja kwako nyumbani kwanza, tuzungumze, nawe ungekuwa na nafasi ya kunikatalia. Kwa hilo naomba radhi kwa moyo wangu wote. Lakini neno lenyewe, kwamba viti vile vinadhuru watu, silirudishi. Sikulirudisha siku ile na silirudishi leo."

Mzee mmoja akaguna. Apisai alimkazia macho binti wa ndugu yake, sasa usoni moja kwa moja, si kwenye paa.

"Kwa hiyo unanipa radhi nusu."

"Nakupa nzima. Ya kosa moja."

Laisani ndiye aliyeingilia. "Mwanangu alinyamaza kwa heshima," alisema. "Mnamkumbuka alivyokuwa na heshima. Sasa yuko makaburini na heshima yake. Mpokeeni huyu anayesema."

Apisai alipiga makofi mara moja, viganja vimekunjwa, akaagiza kava ichanganywe. Bakuli la kwanza alikunywa yeye, la pili akasema apelekewe Vilimaina.

Mwezi uliofuata alikuja nyumbani kwa Vilimaina na bahasha. Aliketi karibu na cherehani, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya samaki, akamkemea Ateca kwa chai isiyo na sukari ya kutosha. Mwishowe akaitoa barua. Wageni walikuwa wanaandaa shehena nyingine, viti thelathini, kwa ajili ya wilaya nzima. Walitaka mkuu wa kijiji atie sahihi kwamba waliopokea viti vya mwanzo wameridhika.

"Nimepita nyumba kwa nyumba," Apisai alisema akitazama kikombe. "Vile kumi na tisa. Semi anaanikia samaki juu ya chake. Cha Kelera kimetagiwa mayai. Vinne vinatumika ndani ya nyumba, kwenye sakafu, na wenyewe wanavipenda. Vingine vimekaa tu."

"Na Semi na Kelera wanatembelea nini?"

"Semi anasema anasubiri Lochan wako amalize chake. Kelera naye." Akavuta pumzi. "Niandikie barua. Mkono wangu mbaya."

Vilimaina alijua kwamba mkono wake haukuwa mbaya. Alichukua kalamu, akaandika. Alishukuru kwa yaliyostahili shukrani. Akaeleza viti vinne vinavyofaa na kwa nini, na kumi na tano visivyofaa na kwa nini. Akaomba safari ijayo waje watu wawili na futi kabla ya kuja viti, wawapime waliokusudiwa na wapite barabara yenyewe. Akaandika kwamba viti vya aina hii vikitolewa bila kupimwa vinadhuru, na kwamba kijiji hakitavipokea. Kisha akamsomea.

Apisai alisikiliza akitikisa kichwa taratibu. "Hapo kwenye 'vinadhuru,'" alisema. "Weka 'havifai sana.'"

"Chai ya Ateca ndiyo haifai sana, baba mkubwa. Vile vinadhuru."

"Watakasirika."

"Watakasirika."

"Huenda wasilete kitu tena."

"Huenda."

Aliichukua barua, akaisoma mwenyewe tangu mwanzo, midomo ikicheza. Akainyoosha vizuri juu ya meza ya cherehani, akatia sahihi yake ndefu ya mkuu wa kijiji, akagonga na mhuri.

Viti thelathini havikuja. Wala hakikuja kingine badala yake mwaka ule, wala jibu. Lochan alikuwa na mikono miwili tu, na kufikia msimu wa mvua alikuwa amemaliza vinne: cha Vilimaina, cha Semi, cha Kelera, na kimoja cha mwalimu mstaafu. Katika kijiji cha juu mtoni, ambako watu saba walikuwa wakisubiri shehena ile, walisema wazi kwamba mwanamke wa Vunitavola amewanyima viti kwa mdomo wake. Walimtumia salamu za kumlaani kupitia kila dereva wa lori la miwa.

Vilimaina alizipokea salamu hizo mara tatu. Mara ya nne alimwambia dereva asijisumbue. Asubuhi ya Alhamisi alifunga chakula chake kwenye kitambaa, akamuaga Ateca, akaishika njia ya mto, kilomita nne za mawe na tope, kwenda kuwasikiliza uso kwa uso.